Chumba Kina Kompyuta, Ratiba Haina Somo

Mkutano wetu wa bodi wa Agosti 2025 ulikuwa na ajenda saba, na neno kompyuta halikuwamo katika hata moja. Nasema hivi kumbukumbu za mkutano zikiwa mezani kwangu. Ajenda ya nne ilisomeka: "Kurekebisha matumizi ya muhula wa tatu." Tuliimaliza kabla chai haijapoa. Tulipoinuka pale, somo la kompyuta lilikuwa limekufa katika shule yetu, na wengi wetu hatukujua kwamba tumetoka mazikoni.

Ni shule ya upili ya kutwa, ya mkondo mmoja, ndani ndani huko bara ya Kaunti ya Kilifi, ambako gari likipita vumbi lake hukaa juu ya majani ya mihogo hadi mvua ije. Jina la shule nalihifadhi. Waliohusika ni majirani zangu, na kosa lenyewe si la mtu mmoja. Mimi nimo katika bodi kama mwakilishi wa wazazi. Vilevile nina saiba pale senta: mashine sita, printa mbili, na benchi la kungojea. Hili la pili naomba msomaji aliweke kibindoni, tutalirudia.

Chumba cha kompyuta kilijengwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Mashine zilikuja kwa mafungu: chache kwa harambee ya wazazi, nyingine kutoka kwa mtoto wa kijiji aliyefanikiwa Mombasa, nyingine kwa mfadhili aliyeleta zilizokwisha kutumika. Jumla 24. Kufikia Agosti zilizokuwa zikiwaka ni 17. Kwa mahali penye joto na vumbi kama petu hiyo si hesabu mbaya, na sababu yake ilikuwa mwalimu. Hakuwa mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Alikuwa mwalimu wa bodi, kijana wa diploma tuliyekuwa tukimlipa shilingi 12,000 kwa mwezi, tena mara nyingine kwa kuchelewa. Kila Ijumaa alifungua mashine mbili au tatu, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akatoa mijusi iliyokufia kwenye feni. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, wala hakuna mstari wa bajeti ulioandikwa "kutoa mijusi".

Pesa zilivyopungua mara mbili

Nianze na hesabu, kwa kuwa bila hesabu kisa hiki kitaonekana kama uzembe wa bodi tu.

Tangu 2018 serikali ya Kenya iliahidi shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa. Ndiyo kapitesheni, mgao ambao kwa shule kama yetu ni uti wa mgongo, maana mzazi wa shule ya kutwa hatozwi karo. Analipia chakula cha mchana na sare. Mgao huja kwa mafungu matatu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Si wote unaofika kwenye akaunti ya shule. Vitabu, kwa mfano, hununuliwa na serikali kuu na pesa zake hukatwa huko huko juu.

Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge la Taifa kwamba Hazina haiwezi kuumudu mgao huo, na kwamba inachoweza ni shilingi 16,900. Magazeti yalipiga kelele wiki nzima. Katika ofisi za walimu wakuu hakukuwa na mshtuko mkubwa, kwa kuwa pesa kamili zilikuwa hazifiki kwa miaka. Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, uliotoka mwaka huo huo ulionyesha kwamba shule za umma zilipewa pungufu ya shilingi bilioni 117 katika miaka minne. Waziri alisema hadharani jambo ambalo madaftari ya shule yalikuwa yakilisema kimya kimya.

Tofauti ya 22,244 na 16,900 ni 5,344. Kwa mwanafunzi mmoja unaweza kuiona ndogo. Sasa ongeza jambo la pili, ambalo sikuliona likijadiliwa sana: mwaka 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza nchini. KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023, waliofaulu wakaingia Kidato cha Kwanza 2024, na nyuma yao hakuna aliyefuata. Kundi la mtaala mpya lilikuwa bado Gredi ya 9 katika shule za msingi, likingojea kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Shule ya upili ikabaki na madarasa matatu.

Kwetu kila darasa lina kama wanafunzi 60. Mwaka 2024, kwa ahadi ya zamani, watoto 240 walistahili kutuletea shilingi 5,338,560. Mwaka 2025, watoto 180 kwa 16,900 ni 3,042,000. Hapo shilingi 2,296,560 zimeyeyuka, na zaidi ya nusu yake imetokana na darasa tupu, si tangazo la waziri. Lakini mlinzi wa usiku halindi robo tatu ya shule. Stima ya taa za nje haipungui kwa sababu darasa moja limefungwa. Mwalimu wa bodi anayefundisha Kidato cha Pili, cha Tatu na cha Nne analipwa mshahara ule ule.

Kisha kuna wale ambao mfumo hauwajui. Mgao ulikuwa ukitolewa kwa majina yaliyomo katika NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na NEMIS ilitaka cheti cha kuzaliwa. Huku kwetu watoto wengi huzaliwa nyumbani na cheti hutafutwa mtihani ukikaribia. Agosti tulikuwa na 14 waliokaa darasani kila siku bila kuwamo katika mfumo. Kwa 16,900 hao ni shilingi 236,600 kwa mwaka. Muhula wa tatu wizara ikataka kwanza idadi ya wanafunzi ihakikiwe shule kwa shule kabla pesa hazijatoka, kuwatafuta wanafunzi hewa. Siwalaumu, hewa wapo. Ila wetu 14 walikuwa na nyama na mifupa, na njaa ya saa saba mchana.

Ajenda ya nne

Mwalimu mkuu alitandika karatasi moja. Upande wa kushoto kulikuwa na yale yasiyoguswa: mlinzi, mpishi, kuni, maji, kemikali za maabara kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne. Kulia kulikuwa na walimu wa bodi sita, stima, intaneti, ukarabati, safari za michezo.

"Tupunguze wapi, waheshimiwa?"

Michezo ilitoka kwanza. Intaneti ikafuata. Ukarabati ukaandikwa "usubiri". Stima tukasema ilipwe kidogo kidogo, na deni tutalizungumza na kampuni. Kisha tukafika kwa walimu. Wa Hisabati hagusiki. Wa Kemia hagusiki. Wa Kiswahili, kila mtu akatazama juu ya meza, kwa sababu ni mpwa wa mtu. Wa Kilimo ana wanafunzi wengi.

"Huyu wa kompyuta ana watoto wangapi?" akauliza mzee mmoja.

Kidato cha Nne 9. Kidato cha Tatu 14. Kidato cha Pili walikuwa hawajachagua masomo.

"Ishirini na watatu," akasema mzee, "katika mia na themanini."

Basi. Hakuna aliyesema somo lifungwe. Tuliazimia mambo matatu, nayanukuu kutoka kumbukumbu: mkataba wa mwalimu usifanywe upya, awe akija kwa kibarua siku chache kuwamalizia watahiniwa, na Kidato cha Tatu "washauriwe" kuhusu somo mbadala. Nani apinge? Nikainua mkono na wenzangu.

Kosa la hesabu liko mahali pamoja, nami nimelitafuta kwa miezi. Tuliwahesabu waliosajiliwa kwa mtihani tukadhani ndio watumiaji wa chumba. Ni sawa na kuhesabu waliokunywa maji kisimani kwa kuangalia walioacha ndoo pale. Kidato cha Pili wote 60 walikuwa wakiingia mara moja kwa juma kujifunza kibodi na faili. Mitihani yote ya shule, ya kila somo, ilichapwa mle. Karani wetu, ambaye kompyuta kwake ni mzigo wa dini nyingine, aliingiza majina ya NEMIS akiongozwa na kijana yule. Na mzazi aliyetaka kuombea mtoto cheti cha kuzaliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, alikuwa akienda kwa mwalimu wa kompyuta Ijumaa jioni, bure. Katika mwaka mmoja na nusu aliwatoa gizani watoto 20 hivi. Fanya hesabu kwa 16,900 uone nani alikuwa akimlipa nani.

Somo lenyewe nalo lina udhaifu wa kuzaliwa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, Kompyuta, namba 451, imo katika kundi moja na Kilimo, Sayansi Kimu, Uashi, Umeme na mengineyo, kundi la hiari. Kilimo kinahitaji jembe na kipande cha ardhi. Kompyuta ina karatasi tatu: nadharia, vitendo, na mradi ambao mtahiniwa huujenga kwa hatua muda mrefu kabla ya mtihani. Vitendo ni saa mbili na nusu mbele ya mashine inayowaka, na kazi huchapishwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa kwenye CD. Naam, CD. Nenda dukani leo utafute kompyuta mpya yenye tundu la CD. Shule inayotaka kufanya mtihani huu hulazimika kuzitunza mashine kuukuu kama mtu anayetunza ng'ombe wa mahari, na kununua wino wa printa ambao bei yake inapita ya gunia la maharagwe. Ukiwa mwalimu mkuu mwenye madeni, ungelichagua lipi?

Ndiyo maana naona haya mtu akisema bodi "haikuthamini teknolojia". Tuliithamini. Kila mmoja pale ana mtoto au mjukuu anayemwombea kazi ya kompyuta. Ila upungufu wa fedha haukuja na jina la kompyuta ubavuni. Ulikuja ukiwa mkubwa na bila sura, na kazi ya kuuchorea sura ikaachiwa watu tisa kwenye viti vya plastiki. Watu hao hukata palipo laini: mwalimu asiye wa serikali, somo lisilo la lazima, matengenezo ambayo ukiyaahirisha leo hakuna kinachoanguka leo.

Septemba hadi Novemba

Wiki ya tatu ya Septemba stima ikakatwa. "Kidogo kidogo" yetu haikuitosha kampuni. Ofisi ya karani ikawa giza pamoja na chumba cha kompyuta, na hapo ndipo hadithi inapoingia dukani kwangu.

Mitihani ya katikati ya muhula ikaletwa saiba kuchapwa na kutolewa nakala. Ikafuata ya mwisho wa muhula. Zikaja barua za wazazi, orodha za uhakiki, fomu. Watahiniwa tisa wakaja jioni, kwa shilingi moja kwa dakika, kufanya mazoezi ya vitendo. Wazazi wa vyeti nao wakaja, sasa kwa malipo. Mimi nilikuwa nimepiga kura bila kusema katika mkutano kwamba nina duka la aina hii. Kila mtu alijua ninalo, lakini kujua si sawa na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Sikusema. Sijui kama ningelisema mtu angejali, hata hivyo ilinipasa kulisema na kutoka chumbani wakati wa uamuzi.

Desemba nilikaa na daftari langu. Kutoka shuleni peke yake, Septemba hadi Novemba, nilipokea shilingi 31,400. Mwalimu tuliyemwacha angelipwa 36,000 kwa miezi hiyo mitatu. Kwa hiyo tulikuwa tumeokoa shilingi 4,600, ukitoa vibarua vyake vya siku chache tukawa tumeingia hasara. Bado sijaweka pesa za watoto. Hizo sitazitaja, ni za mifukoni mwa watu ninaowajua: mama anayeuza mahamri, baba wa mkaa. Mzigo ulioondolewa kwenye mgao wa serikali haukupotea, ulitembea kilomita mbili ukatua senta.

Watahiniwa tisa walikuwa saba kufikia Oktoba kwa maana ya mazoezi. Wawili nauli ya dakika iliwashinda, wakasoma kwa kitabu. Nimewahi kuona mtoto akikariri hatua za kutengeneza jedwali la hifadhidata, bofya hapa, kisha pale, kama anayekariri safari ya mji asioufika. Ni picha inayoniudhi.

Siku ya vitendo shule iliazima jenereta ya kanisa. Katika mashine 17 za Agosti, zilizowaka zilikuwa 12, kwa kuwa tangu Ijumaa zile hakuna aliyepangusa chochote. Zenye tundu la CD linalosoma na kuandika zilikuwa 8. Mtahiniwa wa tisa akasubiri mwenzake amalize ndipo kazi yake ihamishwe na kuandikwa. Msimamizi alivumilia, nashukuru. Printa ya shule ilikauka katikati, wakaniletea mtu mbio. Nilitoa printa yangu moja na ramu ya karatasi. Langoni niliikabidhi, ndani sikuingia, sheria haziruhusu. Nilikaa chini ya mwarobaini nikisikiliza jenereta ikikohoa, nikaomba petroli isiishe.

Wale 14 wa Kidato cha Tatu walishauriwa. Kumi na mmoja wakaingia Kilimo, watatu Biashara, wakiwa wamebakiza mwaka mmoja na kidogo kufidia kazi ya mwaka mmoja na nusu. Msichana mmoja aliyekuwa akiongoza darasa lile alikuja dukani kuniuliza kama naweza kumfundisha mwenyewe. Najua kuunganisha printa na kufuta virusi, nikamwambia, lakini mtaala siujui. Akanunua karatasi mbili za nakala akaenda zake.

Waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2014

Kuna hesabu nyingine, hii haina shilingi ndani yake. Katika kampeni za 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kwamba kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza atapewa kipakatalishi. Zabuni ya kwanza, ya bilioni 24.6 hivi, ilibatilishwa mwaka 2014 baada ya malalamiko ya washindani. Mradi ukageuzwa. Mwaka 2016 tableti zikaanza kusambazwa, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha JKUAT vikishirikiana na kampuni za nje kuziunda, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya milioni moja zikafika katika shule za msingi zaidi ya 21,000. Nyaya za stima zilivutwa hadi shule ambazo zisingeota kuziona. Hili tulipe sifa yake: kijiji chetu kilipata stima kwa sababu ya tableti za watoto.

Sasa hesabu. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014, bila kurudia darasa, alifika la nane mwaka wa masomo wa 2021, akaingia Kidato cha Kwanza 2022, akafanya KCSE mwaka 2025. Ndio wale tisa! Kizazi kile kile kilichoahidiwa kipakatalishi kikiwa hakijui kusoma ndicho kilichomaliza shule kwa jenereta ya kanisa. Hao tableti hawakuzipata, zilipofika walikuwa wamekwisha kupita madarasa yaliyolengwa.

Nilikwenda shule ya msingi jirani kuuliza. Tableti zipo, zimefungiwa kwenye kabati la chuma stoo, chaji zimekufa nyingi. Katika shule ya sekondari ya chini iliyomo mle mle, Gredi ya 7 hadi 9, kompyuta haisimami tena peke yake: masomo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9 iliunganishwa na Biashara ndani ya somo la Pre-Technical Studies. Mwalimu anayelifundisha pale ni mtaalamu wa Biashara, mtu mwema, na sura ya kompyuta kwenye kitabu huwapa wanafunzi waisome nyumbani.

Napata tabu na watu wanaosema tatizo la mradi ule lilikuwa ufisadi tu, au walimu wavivu tu. Mfumo wa bajeti zetu hupenda kitu kinachopigwa picha. Mashine hukabidhiwa kwa utepe na mkasi. Mshahara wa anayeitunza hauna utepe. Kwa hiyo mashine huingia kwa bajeti moja, ya maendeleo, yenye mdhamini na hotuba. Mtunzaji hutegemea bajeti nyingine, ya kila siku, ile inayopunguzwa Hazina ikibanwa. Fomu ya serikali ikija kuuliza vifaa vya shule, tunaandika 24. Hatudanganyi. Hakuna safu ya kuuliza zinawaka ngapi, wala nani anazifundisha.

Gredi ya 10

Kisa hakijaisha, na kilipofikia ni pagumu kuliko kilipoanzia. Katikati ya 2025, kabla ya mkutano wetu wa Agosti, wanafunzi wa Gredi ya 9 nchini walichagua shule za upili na michanganyiko ya masomo. Shule yetu ilikuwa imeorodhesha mchanganyiko wenye Kompyuta katika njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wakati ule ilikuwa kweli: chumba, mashine na mwalimu vyote vilikuwepo. Agosti tukamwondoa mwalimu. Hakuna aliyekumbuka orodha ile.

Desemba mwalimu mkuu alinionyesha majina ya wanaokuja Januari. Kumi na mmoja wamechagua Kompyuta kwetu. Mmoja anatoka upande wa pili wa mto, kilomita nyingi, na ameweka shule yetu ya kwanza kwa sababu hiyo.

"Niwaambieje, mzee?" akaniuliza. Mimi si mzee, ila mwakilishi wa wazazi huitwa hivyo anapohitajika kubeba neno zito.

Nimeandikia bodi barua mbili. Ya kwanza ni fupi: naeleza kwamba nina biashara iliyonufaika na uamuzi wa Agosti, naomba iandikwe, na kwamba sitapiga kura tena katika jambo lolote linalogusa uchapishaji au kompyuta. Ya pili ina hesabu. Mwalimu mmoja wa kompyuta anaweza kugawanywa kati yetu, sekondari ya chini jirani, na shule nyingine ya upili iliyo kilomita saba: siku mbili, siku mbili, siku moja. Mshahara ukigawanywa hivyo, kila shule itabeba chini ya nusu ya kile tulichokuwa tukimlipa. Jumamosi chumba kifunguliwe kwa umma, vyeti, fomu za vyuo, PIN za kodi za KRA, nakala, kwa bei iliyo chini kidogo ya yangu. Pesa zilipie stima na wino pekee, na daftari lake lisomwe mbele ya wazazi kila muhula. Asubuhi ya Jumamosi ile ile mwalimu amalize majina ya watoto wasio na vyeti. Wakiingia katika NEMIS hata 10 kati ya wale 14, hizo ni shilingi 169,000 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wote wa mwalimu, hata mgao ukija mpungufu.

Naona mashimo yake. Pesa za mgao huja na mipaka ya matumizi, na mkaguzi anaweza kuuliza kwa nini mwalimu wetu yuko shule nyingine siku ya Jumatano. Shule za jirani huona wivu upesi. Na kijana mwenyewe, tuliyemwacha Agosti, sasa yuko Mtwapa katika duka la simu, analipwa zaidi. Nilimpigia. Alicheka kwanza, kisha akauliza kama mashine ya kumi na tatu, ile karibu na dirisha, bado inawaka. Nikamwambia ilikufa Oktoba. Akasema ni pawasaplai tu, ipo nyingine nzima kwenye kabati la chini, alikuwa ameihifadhi.

Bodi itakutana wiki ya kwanza ya muhula. Barua ya pili niliiandika saiba, usiku, nikamwachia msichana anayenisaidia dukani aitoe nakala tisa. Aliisoma yote kabla ya kubonyeza.

"Bosi," akasema, "hii bei ya Jumamosi iko chini ya yetu."

"Naiona."

Akanitazama kidogo, akaweka karatasi kwenye printa.